Mahindi Yaliyooshwa Mara Tatu

Khaemba aliacha pombe siku ya Jumatatu, na ilipofika Jumapili watu wote kuanzia Mabanga hadi Kanduyi walikuwa wameshajua, kwa sababu mkewe Agneta ndiye aliyewatangazia. Mwanamke huyo hakujua kuficha jambo jema. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amemfuata fundi wake wa matofali kwenye vilabu vya busaa, amemvuta mkono mbele za watu, amemwogesha, amemlaza, na kesho yake amemfuata tena. Sasa daktari mmoja wa Bungoma alikuwa ameimaliza kazi hiyo kwa maneno machache.

"Una virusi vya homa ya ini," daktari alimwambia Khaemba, "na ini limeanza kupata makovu. Ukiendelea na pombe siwezi kukuahidi mwaka. Ukiacha na kula vizuri, unaweza kuzeeka kama watu wengine."

Khaemba alikuwa na miaka arobaini na miwili na hakutaka kufa. Aliacha siku hiyo hiyo.

Daktari akamgeukia Agneta, kwa maana madaktari wanajua sufuria iko mikononi mwa nani. Akamwuliza nyumbani wanakula nini.

"Ugali na mboga," Agneta akajibu, mgongo umenyooka. "Unga ya duka sisi hatujui. Mahindi naosha mwenyewe, mara tatu, naanika, napeleka kwa mashine."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye kadi kwamba upande wa chakula hakuna shida. Akaongeza kwamba chumvi na mafuta vipunguzwe, mgonjwa asinunue vidonge vya maumivu ovyo, asinywe miti shamba ya kupewa sokoni, atembee, alale mapema, na mkewe na mtoto wapimwe na kuchanjwa.

Agneta alikwenda nyumbani akayaandika yote kwenye karatasi aliyoichana katika daftari la binti yao Joy, akaibandika ukutani juu ya meza ya chakula. Kuanzia hapo nyumba ikawa na sheria. Mandazi yakapigwa marufuku. Mafuta ya kupikia yakawa yanapimwa kwa kijiko cha chai. Shemeji yake Walubengo, kaka mkubwa wa Khaemba, alipokuja na kibuyu cha busaa "ya kuonja tu bana," Agneta alikimwaga chote kwenye shina la mgomba, kisha akamrudishia kibuyu na kumkaribisha chai. Mama mkwe wake, bibi kizee Nabwile, alileta maini ya mbuzi, akiamini kwamba mwenye ini bovu hutengenezwa kwa ini zuri. Agneta akamshukuru, akayapika, akampa Joy.

Na Khaemba akapona, au tuseme akaonekana amepona. Macho yakarudi kuwa meupe. Akarudi kwenye mijengo. Hamu ya chakula iliyokuwa imeuawa na pombe ikafufuka, na Agneta, ambaye hakuna kitu alichokipenda kama kumwona mwanamume huyo akila, akawa anamkatia ugali mkubwa kuliko wa mtu yeyote mezani. Mboga za managu, kunde, mrenda, na ule ugali. Daktari alisema ale, basi akala.

Sasa nieleze ugali huo ulitoka wapi, maana hapo ndipo mambo yote yalipo.

Shamba lao dogo la Mabanga lilitoa mahindi mazuri, na mazuri hayo yalikwenda sokoni kwa ajili ya karo ya Joy, kama yanavyokwenda ya karibu kila nyumba huko. Yaliyoliwa nyumbani yalitoka Kitale. Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi kazi iishe, Agneta alipanga chumba Kitale pamoja na wanawake wengine na kufanya kazi ya kuchagua mahindi katika stoo ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Abdishakur. Magunia yalimwagwa juu ya turubali, wanawake wakaketi kuyazunguka, miguu imenyooshwa, na vidole vyao vikatoa kila punje iliyokuwa ya kijani, nyeusi, ya waridi au iliyovunjika. Mazuri yalirudi kwenye magunia yakasafirishwa. Mabovu yalibaki chungu chungu kando.

Abdishakur alitaka mabovu hayo yachomwe. "Mama, hii si chakula ya mtu," alisema tangu msimu wa kwanza. "Hata punda usimpe."

Wanawake walimsikiliza kwa heshima, kisha akiondoka wakamcheka. Walikuwa wamewajua matajiri. Tajiri hawezi kuchoma kitu bure; bila shaka kuna mpika pombe ya chang'aa anayeyachukua kwa siri. Na wao walikuwa wamezaliwa katika nyumba ambamo punje ikianguka inaokotwa. Kuona moshi wa mahindi nyuma ya stoo kuliwauma moyoni. Nangila, mkubwa wao, ndiye aliyemsumbua Abdishakur asubuhi na jioni, akamlilia watoto, akamlilia njaa, mpaka yule mtu akainua mikono.

"Chukueni," akasema. "Lakini mimi nimesema."

Kwa hivyo kila Jumamosi Agneta alirudi Mabanga na mzigo, na kila Jumamosi alifanya alivyofundishwa na mama yake mzazi. Aliyaosha mara tatu kwa maji safi. Yaliyoelea aliwatupia kuku. Yaliyozama aliyaanika juani mpaka yakalia katikati ya meno, ndipo yakaenda mashineni. Unga ulitoka na rangi ya kijivu kidogo na uchungu wa mbali, na Khaemba alikuwa akisema unga wa dukani hauna ladha mbele ya huu. Miaka tisa walikula hivyo. Mwaka mmoja wa ukame alipowagawia majirani, walimwombea baraka. Agneta alijiona mwanamke hodari, na katika mambo mengi alikuwa hodari kweli.

Mwaka wa pili baada ya Khaemba kuacha pombe, mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Mahindi yalifika Kitale kutoka Moi's Bridge na kwingineko yakiwa na unyevu, yakifuka joto ndani ya magunia. Rundo la mabovu likawa kubwa kuliko miaka yote, na Agneta akamshukuru Mungu, akabeba mara mbili ya kawaida yake.

Aprili kuku wake kumi na wawili walikufa, akabakiwa na mmoja. Akasema ni kideri.

Juni Khaemba alianza kuchoka. Alipanda jukwaa la mjengo akashuka, akakaa kivulini. Suruali ikawa inamvuka kiunoni huku tumbo limekaza. Macho yakarudia rangi ya manjano. Na pumzi yake ikawa na harufu, harufu tamu tamu ya kitu kilichochacha, ambayo Agneta aliijua, au alidhani anaijua, kwa miaka kumi na mitano ya kuilalia pembeni.

"Baba Joy, umekunywa wapi?"

"Sijakunywa."

"Si nasikia harufu!"

"Mama Joy, mimi tangu ile Jumatatu sijaonja kitu. Hata divai ya kanisa nimeipita."

"Macho yako ni ya nini basi?"

"Sijui. Na mimi nakuuliza wewe."

Agneta hakuuliza mtu. Alitafuta chupa. Alipekua mfuko wa vifaa vya ufundi, akapangua matofali nyuma ya nyumba, akachungulia kwenye paa la choo. Hakupata chochote, na hilo likamthibitishia kwamba mumewe amekuwa mjanja zaidi. Alimbana Joy, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili na mwenye macho ya kuona.

"Baba hanywi, mum. Tuko na yeye siku mzima, anakunywa na nani?"

"Wewe unajua nini? Mimi nimeolewa na hiyo maneno kabla uzaliwe."

Bibi Nabwile alikuja na fimbo yake, akaketi mlangoni bila kukaribishwa.

"Mimi nilimzaa," akasema. "Ameniambia hanywi. Harafu wewe unamtangaza kwa majirani kama ng'ombe ya kupotea."

"Mayi, hata zamani ulikuwa unasema hanywi. Akiwa amelala kwa mtaro, ulikuwa unasema amechoka na kazi."

Ilikuwa kweli, na bibi alijua. Alikuwa amemsemea mwanawe uongo miaka yote hiyo, na sasa aliposema kweli hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini. Akajikokota akaenda zake.

Agneta alimpenda Khaemba, na hili nataka lieleweke vizuri, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu amchukie. Alikuwa anaogopa. Alimwona mume wake akiisha mbele ya macho yake, na woga ule ukatafuta mtu wa kulaumiwa na kumkuta pale pale kitandani. Akaenda kanisani kwao, akawaambia akina mama wa maombi kwamba mumewe amerudia pombe kwa siri. Jumapili iliyofuata mchungaji aliita mbele wote wenye mzigo. Kanisa zima likageuka likamtazama Khaemba.

Khaemba akashika mgongo wa benchi, akasimama, akatembea mpaka mbele na suruali yake iliyoshikiliwa na kamba, akasema kwa sauti ndogo, "Nimekunywa. Mnisamehe." Watu wakapiga makofi. Agneta akalia kwa furaha.

Mchana huo alimpikia kuku wa mwisho aliyebaki, akamkatia ugali ule mkubwa.

"Umeridhika?" Khaemba akamwuliza.

"Nimeridhika kwa sababu umesema ukweli."

"Nimesema ile ulikuwa unataka. Nguvu ya kubishana nimekosa." Akamega tonge. "Lakini mimi sikukunywa, Agneta."

Alimwita kwa jina lake mara chache sana maishani. Agneta alilisikia, likamsumbua kidogo, akaenda kuosha vyombo.

Septemba walirudi kwa daktari yule yule wa Bungoma, na picha ikaonyesha uvimbe kwenye ini, mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, na vingine vidogo vikiuzunguka. Daktari alizungumza polepole. Kukata haiwezekani tena, alisema. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Akauliza kama pombe iliachwa kweli. Khaemba alimtazama mkewe, akamwachia yeye.

"Aliacha," Agneta akasema. "Halafu akarudia."

Daktari akaandika hivyo hivyo kwenye faili. Khaemba aliitazama kalamu mpaka ilipomaliza mstari.

Wiki tatu baadaye kikundi cha akina mama cha Agneta kiliitwa kwenye mafunzo ya siku moja katika kituo cha kilimo cha Mabanga, kuhusu kuhifadhi mavuno. Hakutaka kwenda. Lakini jina lake lilikuwa limeshapelekwa, na Khaemba alimwambia aende apunge hewa, Joy yuko, ni likizo fupi.

Mwalimu alikuwa afisa wa kilimo aitwaye Chelangat, mwanamke mfupi mwenye buti za shamba. Aliweka mezani sahani tatu za mahindi. Ya kwanza yalikuwa safi, ya pili yalikuwa na wadudu. Sahani ya tatu Agneta aliitambua kabla haijawekwa chini. Rangi zote zilikuwepo: ya kijani, nyeusi, ya waridi.

"Hii ukungu inatoa sumu," Chelangat akasema. "Haina harufu, na mtu hasikii kitu siku hiyo amekula. Inaenda kwa ini, kidogo kidogo, miaka mingi. Inaleta saratani ya ini."

Agneta akainua mkono. "Na ukiosha?"

"Ukiosha umetoa vumbi, mama. Sumu imeshaingia ndani ya punje."

"Mara tatu?"

Wenzake wakaanza kucheka. "Mama Joy anataka kufanya mtihani!"

"Hata mara kumi," Chelangat akajibu.

"Na ukianika kwa jua kali? Na ukipika iive kabisa, ile ugali ya kuiva vizuri?"

Chelangat hakucheka. Alizunguka meza akaja karibu. "Haiishi. Si kwa jua, si kwa moto ya jikoni. Ndio maana tunasema mkaushe mahindi kabla ukungu iingie, na ikiingia mtupe. Msipatie hata kuku." Akashusha sauti. "Mama, nyumbani mnakula hii?"

"Sisi tunachagua huko Kitale. Ile tunatoa, tunabeba."

"Ile mnatoa?" Afisa yule alishindwa kujizuia. "Yaani uchafu ya gunia mia moja mnakusanya kwa gunia moja, halafu hiyo gunia ndio mnapeleka kwa watoto?"

Hakuna aliyecheka tena. Agneta akauliza swali la mwisho. "Na kama mtu ako na virusi ya ini tayari?"

"Huyo," Chelangat akasema, "ndiye inamaliza kwanza."

Chakula cha mchana kilikuwa kinapakuliwa, lakini Agneta hakungoja. Alirudi nyumbani kwa miguu, akizungumza peke yake barabarani. Kuku. Harufu ya ini, si ya pombe. Macho. Kamba ya suruali. Kila ushahidi aliokuwa amemkusanyia Khaemba ulimrudia mmoja mmoja, na kila mmoja ulimtazama yeye.

Alimkuta Joy jikoni akisonga ugali. Alimnyang'anya mwiko, akabeba sufuria ikiwa na moto wake, akaenda kuimwaga chooni. Kisha akaingia sebuleni, ambako Khaemba alikuwa amelala kwenye godoro chini ya ile karatasi ya sheria, akapiga magoti.

"Baba Joy, hukunywa."

Khaemba akafungua macho.

Akamweleza yote: sahani ya tatu, sumu isiyooshwa, gunia la uchafu. Akamwambia Abdishakur alivyowakataza na wao wakamcheka. Hakujitetea. Khaemba alisikiliza akitazama dari, na Agneta alipomaliza, neno la kwanza la mumewe lilikuwa, "Na Joy?"

"Joy alichanjwa, virusi hana. Lakini amekula. Nitampeleka apimwe."

"Mpeleke kesho."

"Kesho."

Khaemba akaitazama ile karatasi ukutani. "Mimi ulikuwa unaniwekea ile kubwa," akasema.

Agneta akalia, akajifunga mdomo kwa leso ili Joy asisikie. "Nilikuwa nakuwekea kubwa."

"Hiyo ya unga sina hasira. Hukujua, na mimi nilikuwa naipenda. Lakini nilikuambia, Mama Joy. Kila siku nilikuambia mimi sinywi, na ukanipeleka mbele ya watu." Alipumzika ili apate pumzi. "Waambie. Vile uliwaambia ile, uwaambie na hii. Sitaki kuzikwa na jina ya ulevi, na nimevumilia miaka miwili kavu."

"Nitawaambia."

Kesho yake alimpeleka Joy Bungoma, damu ikachukuliwa, wakaambiwa kwa sasa hakuna kinachoonekana lakini arudi kila mwaka. Ahadi hiyo ya kwanza aliitimiza. Ya pili ilimshinda. Jumapili alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, watu wakamgeukia kwa nyuso zao za upole, na akaona kwamba akifungua mdomo watu wale wale watamwita mwanamke aliyemuua mumewe kwa sufuria na kumzika kwa maneno. Akasema anaomba maombi, mgonjwa hajambo kidogo. Akaketi.

"Umewaambia?" Khaemba alimwuliza alipoingia.

"Jumapili ijayo."

Alifumba macho, hakuuliza tena. Alifariki Alhamisi, mchana, Joy akiwa amemshika miguu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata boma lilijaa watu. Mahema mawili yalipigwa, jeneza likawekwa kivulini, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakipika tangu alfajiri. Wenzake wa Kitale walikuja wote, wakiongozwa na Nangila, wamevaa leso za aina moja. Agneta aliketi kiti cha mbele kati ya Joy na bibi Nabwile. Walubengo alishika kipaza sauti kwa niaba ya ukoo. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

"Ndugu yangu mimi nilikunywa na yeye," akasema. "Akajaribu kuacha, ikamshinda. Alisimama kanisani mwenyewe akakubali. Vijana, muangalie hii sanduku. Pombe ndio imelala hapa."

Watu wakaguna kwa huzuni, kina mama wakatikisa vichwa. Bibi Nabwile hakuguna. Alikuwa hajala tangu jana, na msichana mmoja alimletea sahani mapema kabla ya mazishi, ugali na kunde, akamwekea mapajani. Agneta aliitazama ile sahani. Ugali ulikuwa wa kijivu kidogo.

Akamgeukia Nangila aliyeketi nyuma yake. "Hii unga imetoka wapi?"

"Si ni mchango yetu," Nangila akanong'ona, akimshika bega kwa mapenzi. "Tumeleta gunia mbili. Tulichagua vizuri ile tunabebanga, tukaosha mara tatu, tukasaga. Hatungekuja mikono mitupu kwako, dada."

Nyuma ya nyumba masufuria yalikuwa manne, na foleni ya watoto na sahani zao ilikuwa imeshaanza kupangwa. Walubengo akaita, "Sasa tusikie mjane, kwa ufupi."

Agneta akanyanyuka. Alimwendea Walubengo, akachukua kipaza sauti. Alitazama jeneza. Kisha akasema, haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

"Khaemba hakunywa. Tangu aache hakuonja. Kanisani alisema amekunywa kwa sababu mimi nilimsukuma, alikuwa mgonjwa na mimi nikamwita mlevi. Kilichomuua ni mahindi. Ile mabovu ya Kitale, mimi ndiye nilibeba, mimi ndiye nilipika, nikampa nyingi kuliko mtu yeyote. Na hiyo iko kwa sufuria hapo nyuma sasa hivi. Wacheni kula. Tafadhali, mtu asile."

Nangila alifunika uso kwa leso. Kisha minong'ono ikaanza, na mchungaji akaja taratibu, akamshika Agneta kiwiko, akauchukua mkono uliokuwa na kipaza sauti. "Tumwombee dada yetu," akawaambia watu. "Uchungu ni mwingi." Watu wengi wakainamisha vichwa. Kule nyuma, ambako kipaza sauti hakikufika vizuri, mwiko uligonga ukingo wa sufuria na mtoto mmoja akaomba aongezewe.

Joy alikuwa ameshainuka. Alikwenda mbio kuelekea jikoni, na sauti yake ikasikika akiwafokea wapishi, na wapishi wakimfokea yeye kwamba hata kama ni uchungu, huwezi kufanya wageni wazike na njaa.

Agneta alirudi kwenye kiti chake. Bibi Nabwile alikuwa bado na sahani mapajani na tonge mkononi, tonge lililokwisha kukandwa. Hakuwa amelipeleka mdomoni.

"Hakunywa?" bibi akauliza.

"Hakunywa, mayi. Alikuambia ukweli."

Nabwile alilirudisha tonge kwenye sahani. Akainama akaiweka sahani ile chini, chini kabisa kwenye vumbi, akaisukuma mbali kwa fimbo. Hakumtazama mkwewe. Alitazama jeneza.

"Enda useme tena," akamwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia."